Kengele Tunayoipita Kila Siku

Likizo ya Agosti inapokaribia, swali moja huingia katika nyumba nyingi: watoto tutawapeleka wapi? Wenye uwezo huzungumza habari za mbuga za wanyama na hoteli za ufuoni. Wengine wetu, tukiisha kuhesabu karo ya muhula ujao, sare na viatu, twaona heri watoto wakae nyumbani mbele ya televisheni. Mwezi huu tunapenda kuwaonyesha akina mama kwamba iko njia ya tatu, tena haina gharama kubwa. Ni kuwashika watoto mkono na kwenda kuyatazama yaliyo karibu na mlango wetu, ambayo tumeyapita miaka mingi bila kuyauliza habari zake.

Sisi tunaoandika safu hii tunakaa Mombasa. Hapa kwetu, ukitaja mambo ya kale, kila mtu hukimbilia Ngomeni, yaani Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ni pahali pazuri, na mtoto asiyewahi kuingia apelekwe. Lakini leo tutawachukua kwingine, katika pahali patatu ambapo panaweza kutembelewa kwa siku moja au mbili, na ambapo panafundisha jambo ambalo sisi wazazi huona taabu kulitamka.

Kengele ya Frere Town

Ukivuka daraja la Nyali kwenda pwani ya kaskazini, utafika njia panda iitwayo Kengeleni. Makondakta hulipaza jina hilo mchana kutwa, na abiria hushuka na kupanda. Ni wangapi kati yetu waliopata kuuliza, kengele gani? Iko pale pale, katika mnara wake mdogo, na magari yanaipita pande zote.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuzungumza naye juu ya jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye misheni ya Kianglikana ya CMS ilianzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakae humo watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, nacho kikaitwa Frere Town. Wengine waliletwa kutoka India, ambako walikuwa wamelelewa na kufundishwa kazi huko Nasik, karibu na Bombay, baada ya kuokolewa wakiwa wadogo. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu wa lugha nyingi ambao sasa iliwapasa kuwa jirani. Wazee husimulia kwamba kengele ililizwa kuwaonya wanakijiji kila walipoonekana watu wa kuteka watumwa wakija, maana mkataba ulikuwa karatasi tu na tamaa ilikuwa haijakwisha. Kwa sheria, utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa mwaka 1907.

Likizo iliyopita tulikwenda pale na watoto wa Shule ya Jumapili, tukamwomba bibi mmoja wa kanisa letu atufuate, kwa kuwa jamaa zake ni wa Frere Town tangu zamani. Tulidhani atatueleza habari za kengele. Yeye alikaa juu ya kiti tulichombebea, akawaambia watoto hivi: “Wajukuu zangu, babu yake baba yangu hakukijua kijiji alikozaliwa. Aliibwa akiwa mdogo, akakumbuka tu kwamba kwao kulikuwa na maji makubwa yasiyo na chumvi. Hilo jina la Kizungu tunalolitumia nyumbani alipewa misheni. Nilipokuwa msichana wenzangu waliniita mwana wa watumwa, nikaona haya, nikanyamaza hata leo.”

Mjukuu wake mwenyewe, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa pamoja nasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia. Akauliza kwa sauti ndogo, “Bibi, kumbe sisi ni watumwa?”

Bibi akamjibu, “La, mwanangu. Sisi ni watu walioibwa. Haya ni ya mwizi, si ya aliyeibwa.”

Akina mama, maneno hayo tumeyachukua nyumbani. Ziko nyumba nyingi katika pwani hii zenye kimya kama kile. Mtoto hukua na jina asilojua asili yake, na siku akitukanwa shuleni hana la kujibu kwa sababu hatukumpa jibu. Laiti angeambiwa mapema kwamba kutoka katika watu wale walioporwa hata majina yao walitoka walimu, mafundi na wahubiri! Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa Dkt. Livingstone kutoka bara hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873. Chuo cha dini kilichoanzia Frere Town mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's.

Kaburi la mama na mtoto

Kutoka Kengeleni si mbali kufika upande wa Nyali unaotazama kisiwa, karibu na maji. Hapo pana kumbukumbu ya Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, na kaburi la mkewe Rosine. Walifika Mombasa mwaka 1844. Walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja safarini huko Abisinia. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine akajifungua mtoto wa kike, na wote katika nyumba ile wakashikwa na homa kali, hata Krapf mwenyewe. Baada ya siku chache mama akafa, na mtoto naye akamfuata.

Wageni wengi husoma jiwe lile kama habari za wamisionari. Sisi tuliofanya kazi katika wodi ya wazazi hulisoma namna nyingine pia. Mwaka 1844 hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Watu walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Leo tunajua, na hapa pwani mama mjamzito anapohudhuria kliniki hupewa vidonge vya SP kuanzia mwezi wa nne wa mimba, pamoja na chandarua chenye dawa. Kwa hiyo, dada, ukisimama pale na binti zako wakubwa, usiwaambie tu kwamba huyu mama alikuwa shujaa. Waambie kwamba homa ya mjamzito si ya kungojea asubuhi, na kwamba chandarua ni cha kulalia, si cha kufunikia vifaranga. Rosine hakuwa na nafasi ya kuchagua. Sisi tunayo.

Kupanda Rabai

Baada ya msiba ule Krapf hakurudi kwao. Mwaka 1846 alijiunga na Johannes Rebmann, wakaenda kukaa Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, kati ya Wamijikenda. Panda matatu ya barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kisha ushike njia ya Kaloleni. Mwendo si mrefu. Hapo pana makumbusho katika jengo la kanisa la kale, na nyumba walizokaa wamisionari hao zingali zimesimama. Rebmann ndiye aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, nao wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Alikaa Rabai hata mwaka 1875, macho yake yakiwa yamepofuka.

Lakini jambo tunalotaka watoto walikumbuke Rabai ni jingine. Mtu wa kwanza kubatizwa pale hakuwa mzee wa kaya wala tajiri, bali Mringe, mtu mlemavu na mgonjwa. Na baadaye, watumwa waliotoroka katika mashamba ya pwani walikimbilia Rabai wakatafuta hifadhi. Aliyewaongoza hapo alikuwa mchungaji Mwafrika, William Jones, ambaye mwenyewe alikuwa ameokolewa utumwani na kulelewa India. Wenye watumwa walitaka warudishiwe, na baadhi ya wakubwa wa misheni waliogopa kuvunja sheria ya nchi, wakawa tayari kuwarudisha. Jones alisimama upande wa wakimbizi. Mwisho wake, Januari 1889, malipo yalitolewa kwa wenye watumwa, na watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine wakapewa hati za uhuru.

Rabai vilevile kuna misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo pamoja na kaya nyingine iliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Msitu huo si wa kuingia ovyo. Pata idhini ya wazee kwanza, msikate hata kijiti, wala msipige picha mpaka mmeruhusiwa. Mtoto akiona mama yake anavua kofia ya ujuaji mbele ya wazee, amefundishwa adabu kuliko kwa maneno mia.

Maswali magumu

Msishangae watoto wakiuliza, “Ni nani waliowauza?” Swali hilo lisijibiwe kwa hasira. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Walikuwako watekaji wa bara, wenye misafara, wenye majahazi, wenye mashamba, na wanunuzi wa ng'ambo, wakiwamo Wazungu. Hakuna kabila wala dini iliyotoka na mikono mieupe kabisa. Ole wetu tukimtoa mtoto nyumbani kwenda kujifunza historia, akarudi amejifunza kumchukia jirani anayemkopesha sukari! Tumwambie ukweli wote bila kupunguza, kisha tumwonyeshe kwamba wajukuu wa pande zote leo wanakaa mtaa mmoja na kunywa maji ya kisima kimoja.

Tena tusiogope kusema. Yoshua aliwaamuru Waisraeli wachukue mawe 12 kutoka mto Yordani na kuyasimamisha, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wapate nafasi ya kueleza. Mawe yanamngoja mtoto aulize, na mtoto hataulizia mawe ambayo hajapelekwa kuyaona.

Kabla ya kutoka nyumbani

Sasa mambo machache ya matayarisho. Peleka kikundi kidogo, na kila watoto watano wawe na mtu mzima mmoja. Kengeleni pana magari mengi, basi wadogo washikwe mikono wala wasikimbie kuvuka. Chukueni maji yaliyochemshwa, kila mtoto na chupa yake. Viazi karai, mihogo ya kuchemsha na ndizi hutosha kwa chakula. Samaki na maziwa viacheni, maana huharibika upesi katika joto. Wekeni mfukoni pakiti mbili za ORS, plasta na kitambaa safi. Anayetumia dawa za pumu au za kifafa asitoke bila dawa zake. Viingilio vya makumbusho hubadilika, kwa hiyo ulizeni mapema. Wanafunzi mara nyingi hulipa kidogo.

Zaidi ya yote, mchukueni mzee. Mwombeni kwa heshima siku kadhaa mbele, mmtafutie usafiri na kiti, na msimharakishe. Kila mtoto awe na daftari, aandike jambo moja alilolisikia kwa mzee na jambo moja atakalomwuliza baba yake au bibi yake akirudi. Vidole vya watoto vimezoea simu siku hizi. Zitumieni basi kurekodi sauti ya mzee, kwa idhini yake. Makaburi yetu yamejaa habari ambazo hakuna aliyeziuliza.

Nawe msomaji uliye mbali na Mombasa, usiseme kwamba haya hayakuhusu. Kisumu mnalo jabali la Kit Mikayi, ambalo jina lake lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Bagamoyo mna misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, nayo ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa. Hata kama mtaani kwako hakuna jumba la makumbusho, pana daraja, mwembe, kisima au shule ya zamani yenye jina ambalo watoto hawajui limetoka wapi. Anza hapo. Muulize mzee wa jirani jioni ya leo, kabla likizo haijafika, na watoto wawepo wasikie.

Mungu akipenda, tutakutana tena mwezi ujao katika ukurasa huu huu. Nendeni salama, na msisahau maji.