Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Wapo watu, na baadhi yao wamekabidhiwa madaraka, ambao wakiulizwa habari ya lishe ya watoto katika Mikoa ya Iringa na Mbeya hujibu kwa kutaja magunia. Mahindi yapo, mpunga wa Mbarali upo, ndizi na maziwa ya Rungwe yapo. Basi utapiamlo utoke wapi? Kwa hesabu hiyo mtoto hana haki ya kudumaa.

Lakini anadumaa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, ilhali wastani wa Taifa ni 30. Katika uchunguzi wa 2015-16 Iringa ilikuwa na 42. Mbeya ina nafuu, karibu theluthi moja. Lakini hiyo ni nafuu ya kujivunia?

Linalotia uchungu zaidi ni kwamba somo hili lilikwisha kufundishwa Iringa hiyo hiyo. Kuanzia 1983, kwa fedha za Serikali ya Italia na msaada wa UNICEF na WHO, vijiji 168 viliingia katika mpango wa lishe. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, na viongozi wa kijiji wenyewe wakajadili matokeo: nani amepungua, kwa sababu gani, na nini kifanyike. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Mataifa mengine yalikuja kujifunza kwa wakulima wale.

Walijifunza nini? Kwamba tumbo la mtoto ni dogo. Uji wa mahindi ukiwa mzito haumezeki. Ukiongezwa maji hujaza tumbo bila kutia nguvu. Mama ameondoka alfajiri kwenda shambani, na mtoto hulishwa mara mbili kwa siku. Dawa mojawapo ni kimea: kijiko cha unga wa nafaka iliyooteshwa hulainisha uji mzito pasipo kuongeza maji. Jambo hili lilijaribiwa katika kijiji cha Luganga, Iringa. Na kimea si kitu kigeni Nyanda za Juu, maana ndicho kipikiwacho pombe. Debe zima likiingia pombeni na kijiko kikakosekana kwa ajili ya uji wa mtoto, hapo hatuwezi kumsingizia mkoloni. Wako hata wazazi wanaomwonjesha mtoto ulanzi ili alale, kisha husema amependeza kwa utulivu.

Utulivu huo ndio ugonjwa. Mwili uliokosa chakula hubana matumizi, na cha kwanza kukatwa ni mchezo. Ndiyo maana WHO huelekeza kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, akishavuka hatari, pamoja na maziwa na dawa achezeshwe kila siku, kwa dakika 15 hadi 30, mama akishiriki. Huko Guatemala ilionekana kuwa watoto waliokuwa wakipata nafuu, wakahimizwa kukimbia na kupanda, walirefuka kuliko wenzao waliolishwa vilevile wakaachwa wakae. Gunzi, kopo na kamba haviagizwi ng'ambo. Mtoto anayeshinda mgongoni shambani tangu asubuhi hadi jioni atachezea wapi?

Hapa ndipo akina baba hukohoa na kutazama kando. Lishe, wanasema, ni kazi ya wanawake. Lakini maharage, mayai na maziwa yanapouzwa, fedha hushikwa na nani? Halmashauri nazo zisijifiche. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa lishe mbele ya Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, na halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Bei hiyo haifikii hata ya chupa moja ya bia.

Mwenyekiti wa kijiji anayejua idadi ya mifuko ya mbolea iliyopokewa aulizwe pia, mbele ya mkutano mkuu, watoto wangapi hawakuongezeka uzito miezi hii mitatu. Na akina baba wawepo wakati majina yanasomwa.