Simu Inayosoma Si Uvivu

Sisi mafrateri tunapokwenda kufundisha dini katika shule za sekondari, hatukosi kumkuta kijana anayejibu vizuri akiulizwa kwa mdomo, lakini akiambiwa asome mbele ya wenzake anababaika, anaruka mistari, mwishowe anakaa. Darasa linacheka. Kwenye ripoti yake limeandikwa neno moja: mvivu.

Tunaomba neno hilo lifikiriwe upya. Wapo vijana wenye akili nzuri, macho mazima na bidii, ambao wanapata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Wataalamu huita hali hiyo disleksia. Kwetu huweza kujificha kwa miaka, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto hujikongoja na silabi zake mpaka darasa la saba. Kidato cha kwanza anakutana na vitabu vya Kiingereza, ambamo herufi zilezile husomwa hivi hapa na vile pale. Hapo ndipo anapokwama.

Msaada upo, tena karibu. Simu nyingi za Android zina programu inayosoma maandishi kwa sauti, kwa Kiingereza na hata kwa Kiswahili, huku neno linalosomwa likikolezwa kwenye skrini. Ukurasa wa kitabu unapigwa picha, kijana anavaa visikilizio, anasikiliza na kufuata kwa macho.

Lakini mwanafunzi kukutwa na simu shuleni ni kosa, na sababu zake tunazielewa. Hata hivyo, kompyuta kibao moja isiyo na laini, inayotunzwa na mwalimu wa taaluma, itamharibu nani? Miwani hatujawahi kuipiga marufuku.

Wengine husema atazoea kusomewa na hatajifunza kusoma. Hofu hiyo ni ya kale. Katika Faidro ya Plato, Sokrate anasimulia jinsi mfalme Thamus wa Misri alivyoutilia shaka uandishi wenyewe, akiona kwamba watu wataacha kutumia kumbukumbu zao. Kumbe hata kitabu kiliwahi kushukiwa! Ni kweli kwamba kijana huyu bado anahitaji mwalimu wa kumrudisha taratibu kwenye herufi na sauti. Kazi hiyo mashine haiifanyi. Ila je, asubiri mpaka asome vizuri ndipo ajifunze biolojia na historia? Miaka minne ya sekondari haimngoji.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alishindwa Kilatini, akaondolewa seminari ya Lyon. Padre Balley alimfundisha kwa Kifaransa, na mwaka 1815 akapewa upadre. Hatudai kwamba alikuwa na disleksia, maana shule aliianza kwa kuchelewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Lakini Balley alikubali kubadili njia.

Shule zetu za majimbo, na seminari ndogo kwa namna ya pekee, zinaweza kuanza muhula ujao: kifaa kimoja, mwalimu mmoja anayejua kukitumia, na ruhusa ya kijana kusikiliza somo lake badala ya kusimamishwa achekwe.