Shaba ya Buzwagi na Sabufa ya Darajani

Mtu akipita Darajani wakati wa alasiri hukuta jambo ambalo sasa ni sehemu ya maisha ya mji wetu. Mbele ya maduka ya vyombo vya umeme vijana wamesimama makundi makundi, mmoja ameshika boksi jipya, wengine wamemzunguka wakimhoji: ni wati ngapi, besi yake ikoje, inapokea nyimbo kutoka kwenye simu au haipokei, ameinunua duka gani na kwa kiasi gani. Aliyenunua jana humtambia aliyenunua mwaka jana. Wa mwaka jana naye hujibu kwamba yake ni ya Japani halisi, imetumika Ulaya na bado haijaguswa na fundi. Mabishano hayo huhamia barazani, na baada ya isha mwenye mali huiwasha sabufa yake ili chombo chenyewe kitoe ushahidi, majirani wapende wasipende.

Hatukusudii kuwakemea vijana hao. Watu wa visiwa hivi wamependa sauti nzuri tangu zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo ziliporudi zilisikilizwa katika nyumba za matajiri na katika mikahawa ya masikini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, wakati Bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vyake vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Na milango ya biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, ndugu zetu wengi wa Bara walipanda boti kuja kwetu kununua redio kaseti na televisheni, wakarudi nazo wakihesabu ushuru watakaotozwa bandarini. Basi kununua vyombo na kuvizungumza ni desturi yetu. Asiyeyajua hayo ataandika juu ya vijana wa leo kana kwamba wamezua jambo jipya.

Tunachotaka kukizungumza ni sehemu ya habari isiyosimuliwa barazani. Kila mtu anajua chombo chake kilitoka duka gani. Wachache hujiuliza kilitoka katika mwamba gani, na wachache zaidi hujiuliza kitazikwa wapi. Ili tuyaeleze hayo hatuna budi kumchukua msomaji wa Unguja na Pemba hadi Buzwagi.

Buzwagi ipo kilomita chache kutoka mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda ule wa dhahabu unaopita Geita. Mkataba wa mgodi wake ulitiwa saini London mwaka 2007 ukazua mjadala mkali Bungeni. Uzalishaji ulianza mwaka 2009. Ulikuwa mgodi wa shimo la wazi, na mwamba wake haukuwa na dhahabu peke yake. Ulikuwa na shaba pia, pamoja na fedha kidogo. Kwa hiyo sehemu ya mavuno yake haikutoka ikiwa matofali ya dhahabu. Ilitoka ikiwa unga mzito wenye shaba na dhahabu ndani yake, ukafungwa katika makontena, ukasafirishwa mpaka bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo ukaenda ng'ambo kuyeyushwa, kwa sababu nchini hapakuwa na mtambo wa kazi hiyo.

Unga huo ndio makinikia. Wengi wetu visiwani tulilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, Rais John Magufuli alipozuia usafirishaji wake mwezi Machi na makontena 277 yakabaki bandarini. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikayachunguza na kutoa taarifa mwezi Mei. Kampuni ikayakataa matokeo yake. Mwezi Julai mwaka huohuo Bunge likatunga sheria mpya juu ya mamlaka ya nchi kwa mali zake za asili. Mazungumzo yakachukua muda, na tarehe 24 Januari 2020 Serikali na Barrick wakatia saini makubaliano yaliyoipa Serikali hisa 16 kwa mia katika Kampuni ya Twiga Minerals. Baada ya hapo makinikia yaliyozuiwa yakaruhusiwa kuuzwa. Mwaka 2021 mgodi wenyewe ukafikia mwisho wake.

Sasa turudi kwenye sabufa. Mtu akiifungua, nyuma ya ile karatasi inayotetemeka ataona sumaku, na ndani ya sumaku waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa muziki hupita katika waya ule, ukaisukuma karatasi mbele na nyuma, nayo ikausukuma upepo hadi sikioni. Waya huo kwa kawaida ni wa shaba. Transfoma iliyomo ndani ni shaba. Waya wa ukutani ni shaba. Zile plagi za rangi ya dhahabu ambazo muuzaji huzionesha kwa fahari, katika vyombo vya bei kubwa huwa zimepakwa dhahabu ya kweli, tabaka jembamba kupita utando wa buibui, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na njia ya sauti hubaki safi. (Katika vyombo vya bei ndogo mara nyingi ni rangi tu, na mnunuzi hana la kufanya ila kusubiri miaka miwili.) Duniani kote viwanda vya elektroniki na ufundi mwingine hutumia yapata tani 300 za dhahabu kila mwaka.

Hatusemi kwamba waya wa sabufa fulani iliyopo Mwembeladu ulichimbwa Kahama. Shaba ikishayeyushwa haina kabila. Lakini hesabu ya jumla haina siri: tumeuza mwamba uliosagwa kwa tani, tukanunua sauti kwa boksi, na tofauti ya bei kati ya viwili hivyo imelipa mishahara ya wafanyakazi wa viwanda vya mbali. Kijana wa Kahama hali kadhalika. Huko nako, mchimbaji mdogo akipata mawe yenye mali, moja ya vitu vya kwanza kuonekana nyumbani kwake ni redio kubwa, na wenzake huja kuitazama na kuisikiliza kama wafanyavyo vijana wetu wa Darajani. Yeye aliyeitoa dhahabu ardhini huinunua sabufa kwa bei ileile anayoinunua asiyejua shimo la mgodi linafananaje.

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi hii iliwahi kuijaribu njia nyingine. Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani iliweka kiwanda Dar es Salaam, kikatengeneza betri kavu na redio za National, na redio hizo zikaenea vijijini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, kikundi kizima kikizunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hatuliweki hilo mbele ya vijana ili waone haya. Zama zile hazirudi, na hakuna atakayewalazimisha watu thelathini kusikiliza redio moja leo. Tunalikumbusha kwa sababu ya kiwanda. Redio ile ilikuwa na mahali ilipotengenezwa ambapo mtu angeweza kupafikia kwa basi.

Sisi wa visiwani tuna somo letu wenyewe juu ya shaba. Umeme unaowasha sabufa zetu hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Waya huo ulipopata hitilafu mwezi Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Kila chombo kilichokuwa fahari ya baraza kilinyamaza. Redio ndogo za betri zilitolewa makabatini, zikafutwa vumbi, na watu wakasogea karibu kusikiliza. Tangu mwaka 2013 tuna waya mkubwa zaidi. Lakini umeme uliokuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo umeua amplifaya nyingi, na hapo ndipo tunapofikia lile tulilokusudia kuwaambia viongozi.

Vyombo vilivyokufa viko wapi?

Vingine viko uvunguni. Vingine viko kwa fundi, ambaye huvifungua na kuchukua kinachofaa ili kumponya mgonjwa mwingine, na kazi hiyo ni ya kheri. Vilivyobaki huishia jaani. Televisheni za zamani zenye kioo kizito zina risasi ndani ya kioo chake. Lehemu ya bodi za zamani ina risasi. Waya ukichomwa ili kupata shaba, moshi wake mweusi una sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto wanaouchoma. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, maji ya mvua hupenya haraka kwenda chini, na maji tunayokunywa mengi hutoka hukohuko chini. Nchi kubwa yaweza kujidanganya kwamba jaa lipo mbali. Kutoka Kibele hadi kisima cha karibu si mbali.

Tatizo hili si letu peke yetu. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za elektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na kati ya hizo ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakikufika hata asilimia moja. Nchi za Afrika zilikutana Bamako mwaka 1991 zikapatana kuzuia taka za sumu zisiingizwe barani. Lakini chombo kibovu kikipakiwa pamoja na vizima na kuandikwa kwamba kimetumika tu, hupita. Mnunuzi hukigundua nyumbani.

Kwa upande wa sheria, Bara ilitunga kanuni mahsusi za taka za vyombo vya umeme na elektroniki mwaka 2021. Kanuni hizo hazivuki bahari, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya mwaka 2015 na ina mamlaka yake ya kuisimamia. Basi dhima ya kueleza kila aina ya chombo kibovu kipelekwe wapi, kipokewe na nani, na kwa gharama ya nani, ni ya wakubwa wetu wa hapa. Wapo watakaosema kwamba visiwa hivi ni vidogo mno kuwa na kiwanda cha kurejeleza bodi za elektroniki. Wana haki. Kuchenjua bodi ni kazi ya kemikali kali na joto kali, na hatuombi kiwanda cha namna hiyo kijengwe Unguja.

Lakini mahali papo, nako ndiko tulikotoka sasa hivi. Serikali imelitenga eneo la mgodi wa Buzwagi liwe eneo maalumu la kiuchumi. Upo mpango wa kujenga katika eneo hilo mtambo wa kusafisha madini, hasa nikeli ya Kabanga, na leseni ya kusafisha ilitolewa mwaka 2024. Mwanza kiko kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2021. Ujuzi wa kuyeyusha, kupima na kutenganisha metali utakuwa katika ukanda huo kuliko mahali pengine popote nchini. Tani moja ya mwamba wa Buzwagi ilikuwa na dhahabu ya gramu moja au mbili. Tani moja ya simu mbovu hukadiriwa kuwa na mamia ya gramu. Sabufa, kwa kweli, ni masikini wa dhahabu, lakini ina shaba na chuma, na ikichanganywa na bodi za kompyuta na televisheni shehena hulipa nauli yake.

Kwa hiyo wakati wawekezaji wa eneo lile wanachaguliwa, wawakilishi wetu walio katika vyombo vya Muungano waulize kama imetengwa nafasi ya kiwanda cha kupokea vyombo vibovu vya nchi nzima, pamoja na vya visiwani. Wakiuliza baada ya viwanja kugawiwa watajibiwa kwa heshima na hawatapata kitu. Na hapa nyumbani, pale bandarini ambapo kila boksi hutozwa ushuru, itazamwe kama sehemu ndogo ya fedha hiyo yaweza kuwekwa kando ili mwenye televisheni iliyokufa alipwe chochote akiirudisha. Asiyelipwa ataendelea kuitupa, na hatuoni sababu ya kumlaumu.

Mafundi wa mitaani waitwe katika mazungumzo hayo mapema. Wao ndio wanaojua chombo gani kinaingia kikiwa kimekufa, kipuri gani hakipatikani, na nani anachoma waya usiku nyuma ya soko. Wengi wao hawana mahali pa kudumu pa kufanyia kazi, na huhamishwa kila barabara inapopanuliwa. Manispaa ikiwapa eneo lenye paa, umeme na sakafu ya saruji, chombo kibovu kitakuwa na anwani ya kwanza ya kupelekwa, kabla hata kanuni hazijachapishwa.