Kasri la Miti la Emain Macha

Wanaodhani ufalme hauheshimiki bila kuta za mawe waitazame Emain Macha, karibu na Armagh, Ireland ya Kaskazini. Hapo Waselti wa kale walijenga nyumba za mviringo kwa miti, moto ukiwaka ndani. Wala hawakuishi kisiwani mwao bila kujua ya ng'ambo: wachimbuaji walikuta fuvu la nyani wa Afrika Kaskazini.

Kisha likaja jengo la duara lenye upana wa mita 40 hivi. Nguzo yake ya katikati ni mwaloni uliokatwa karibu mwaka 95 kabla ya Kristo. Walilijaza mawe, wakalichoma kwa makusudi, wakalifunika udongo.

Kazi hiyo ilitaka hesabu, mipango na umati wa watu. Kuiita ya kishenzi ni kuwadhulumu waliojenga.