Maana ya Maneno: "Want"

Karani akiulizwa maana ya neno la Kiingereza "want", hujibu upesi kwamba ni kutaka. Jibu hilo si kosa, lakini hiyo ndiyo maana changa. Maana ya kwanza ya neno hilo ni kukosa au kupungukiwa.

Asili yake si Uingereza. Latoka katika neno "vanta", yaani kukosa, la lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambao katika karne ya 9 walivuka bahari, wakapigana na Waingereza, kisha wakakaa pande za kaskazini na mashariki za nchi ile. Wenyeji waliyapokea maneno mengi ya wageni hao, na hili ni mojawapo. Maana ya kutaka ilienea katika karne ya 18. Kwani mtu akosaye kitu hukitamani, basi neno likahama polepole kutoka upungufu mpaka tamaa. Kiswahili nacho kina neno "haja": mwenye haja amepungukiwa, na papo hapo anataka.

Hata hivyo maana ya kale haikufa. Mwaka 1942 Sir William Beveridge, katika taarifa yake kwa serikali ya Uingereza, aliitaja "Want" kuwa moja katika majitu matano yaliyoizuia nchi isiendelee. Hakuwa akisema juu ya matakwa ya watu, bali juu ya ufukara wao.

Katika korti za Kenya pia maana hiyo yatumika. Kwa kanuni za mwaka 2010, daawa isiyochukuliwa hatua yo yote kwa muda wa mwaka mmoja, korti yaweza kuwapelekea wahusika ilani, waeleze kwa nini isifutwe "for want of prosecution". Mkulima aliyedai shamba lake akiyasoma maneno hayo kwa haraka, huenda akadhani kwamba yuko mtu atakaye kumshtaki, akaogopa na kuificha barua. Sivyo hata kidogo. Maana yake ni kwamba daawa imekosa mtu wa kuiendesha. Apataye ilani hiyo hana budi kufika kortini siku iliyotajwa na kutoa sababu zake. Akikaa kimya, daawa yaweza kufutwa, naye akaikosa haki aliyoitaka.