Mafuta ya mabua yagharimiwe

Mwaka 2002, mkemia Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kuwa selulosi, nyuzi ngumu za mimea, huyeyuka ndani ya chumvi za kimiminika. Chumvi hizi huwa majimaji chini ya nyuzi 100 za Selsiasi. Chumvi ya mezani huhitaji nyuzi 801. Selulosi ikilainika, vimeng'enya huigeuza kuwa sukari, kisha hamira huichachusha kuwa ethanoli.

Marekani huchoma mahindi mengi kwenye injini yakiwa ethanoli, ilhali mabua, yenye selulosi, yangeweza kufanya kazi hiyo. Kikwazo ni gharama: chumvi hizi ni ghali, lazima zisafishwe na kutumiwa tena. Serikali na wawekezaji wagharimie utafiti wa kushusha gharama hiyo. Chakula kibaki chakula.