Kamba kwenye pangaboi, watu 292 wakafa: lawama iende wapi?

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakiona kidogo: kamba. Kamba ya nailoni tu, ile ya wavuvi, inayokatika au kutupwa na kubaki inaelea-elea baharini. Tarehe 10 Oktoba 1993 meli ya abiria Seohae ilipinduka karibu na kisiwa cha Wido, Korea Kusini. Watu 292 walikufa, 70 tu ndio waliopona, na kamba za namna hiyo zimo ndani ya kesi.

Siku zile za mwanzo hakuna aliyeongelea kamba. Habari ya mjini ilikuwa nahodha. Eti kaonekana nchi kavu, eti katoroka kawaacha abiria wake. Vyombo vya habari vikaibeba, na nahodha akaanza kusakwa kama mhalifu. Siku chache baadaye mwili wake ukapatikana ndani ya meli ileile. Jamani, mtu kafa kazini halafu nchi nzima inamuita mkimbizi! Tukumbuke hilo kila tunaporusha uvumi baada ya ajali.

Meli ilipotolewa majini ndipo yakaonekana mengine. Kamba za nailoni zilikuwa zimejisokota kwenye shafti zote mbili zinazozungusha pangaboi, au propela kama wavuvi wetu wanavyoita. Bahari ilikuwa chafu siku ile, meli ikajaribu kugeuka irudi, na hapo ndipo ilipopigwa na mawimbi ikalala.

Sasa kamba inafanyaje kazi yote hiyo? Pangaboi likiinasa linaivuta na kuizungusha, kila mzunguko inakaza zaidi. Nailoni ikisuguana inapata moto, inayeyuka, inakuwa gumba gumu kama plastiki. Injini inazimika, au inalazimishwa mpaka shafti inapinda na beringi zinakwisha. Kwenye mashine za boti ndogo hata mshipi wa kuvulia unatosha: unajipenyeza nyuma ya propela, unakata sili, maji yanaingia kwenye giaboksi, na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini chombo hakizami kwa kuharibika propela. Kinazama kwa sababu kikikosa nguvu hakiwezi tena kuelekeza omo kwenye wimbi. Kinakaa ubavu, na ubavu ndiyo sehemu wimbi linapopenda. Mbaya zaidi ni boti ikinasa kamba ya nanga yake yenyewe: nanga imeshika chini, kamba imefungwa kwenye propela, maana yake boti imefungwa kwa nyuma. Tezi ndiko kuna uzito wa mashine na ubao mfupi. Mawimbi matatu manne yanatosha kuijaza.

Haya, turudi kwenye lawama. Seohae iliruhusiwa kubeba watu 221. Siku ile ilikuwa na 362. Yaani watu 141 walipanda meli ambayo kisheria ilikuwa imeshajaa, na ikang'oa nanga bahari ikiwa imechafuka. Kwa mtazamo wangu kamba ilifichua tu yale yaliyokuwa yameshaharibika bandarini. Chombo chenye uzito unaostahili kikinasa kamba kina nafasi ya kuyumba na kusimama tena. Chombo kilichojaa kupita kiasi hakina nafasi hiyo, kinasubiri tu sababu. Leo ni kamba, kesho ni wimbi, keshokutwa ni abiria kukimbilia upande mmoja.

Na Korea yenyewe iliona. Tarehe 16 Aprili 2014, zaidi ya miaka 20 baadaye, meli ya Sewol ilizama na watu 304, wengi wao wanafunzi. Hapo hapakuwa na kamba ya nailoni, lakini mzigo uliozidi ulikuwepo. Huku kwetu MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, mwezi Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220 kwenye kivuko cha kubeba watu 101. Chanzo tofauti, hesabu ileile.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: ukaguzi uanze gatini, kabla kamba haijafungwa wala kufunguliwa. Hesabu ya watu, hali ya hewa, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "leo haiondoki" na asikilizwe. Wavuvi nao wasitupe kamba mbovu baharini, warudi nazo. Na kwenye boti, usiwashe injini kabla hujaona kamba yote ya nanga iko ndani. Ukinasa, zima mashine kwanza. Usijaribu kuikata kwa kuongeza moto, unaikaza tu. Kama kuna nanga ya pili, ishushe kupitia omo ili boti iangalie wimbi, halafu ndiyo uhangaike na kisu.

Tukingoja kamba ndiyo itufundishe kuhesabu abiria, tutakuwa tunahesabu maiti.

Wadau mnaosafiri kwenda visiwani na ziwani, semeni: mara ya mwisho mlipopanda, kuna mtu aliwahesabu? Nawasilisha.